Barua kwa Mhariri: Salio la shilingi ndani ya pochi ya kripto liko mikononi mwa nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo lililoingia katika biashara za kanda hii ya ziwa bila kupigiwa mbiu, nalo ni programu za simu ziitwazo pochi za kripto ambazo, pamoja na kuhifadhi Bitcoin na sarafu nyingine za mtandaoni, humwonyesha mteja salio la shilingi au la dola. Mimi ni mtunza hesabu, na wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa dagaa na mabondo (vibofu vya hewa vya sangara) wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, pamoja na wachache wenye maduka ya nyavu na ya nafaka hapa mjini. Siku hizi ninapofunga hesabu zao za mwezi nakutana na mstari ambao zamani haukuwapo, uliojipenyeza kati ya fedha taslimu, fedha za benki na fedha za simu, nao wenyewe huziita "za kwenye pochi". Nikiuliza ni fedha za aina gani, jibu ninalopewa ni kuonyeshwa kioo cha simu, ambapo pana tarakimu na mbele ya tarakimu pameandikwa TSh.

Hoja yangu ni moja. Shilingi haiwezi kushikwa na mteja mwenyewe kwa programu ya simu kama Bitcoin inavyoweza. Lazima kuwe na kampuni inayoishika mahali fulani kwa niaba ya mteja. Kwa hiyo kampuni yoyote inayomwambia Mtanzania kwamba imemtunzia shilingi ibanwe na masharti yale yale yaliyozibana kampuni za fedha za simu tangu mwaka 2015, yaani itaje benki, itenge fedha za wateja na fedha zake, na iseme wazi nani atalipwa kwanza siku itakapoanguka.

Sisemi haya kwa sababu napinga kila kitu kipya, wala siamini kwamba wafanyabiashara hawa waliingia humo kwa ujinga. Mwaloni si soko la Mwanza peke yake. Dagaa wanaoanikwa Ukerewe na visiwa vingine hununuliwa pale na watu wa Kongo, Rwanda, Burundi, Kenya na Uganda, na mabondo ya sangara hupita mikononi mwa madalali kadhaa kabla ya kufika China. Mnunuzi wa Kongo ana dola na faranga, wa Kisumu ana shilingi ya Kenya, wa Kampala ana ya Uganda, na muuzaji anataka shilingi ya Tanzania ili amlipe mwenye mtumbwi, vibarua na mwenye lori jioni hiyo hiyo. Kutuma fedha kwa benki kutoka nchi hadi nchi huchukua muda, na makato yake humuumiza zaidi anayetuma kidogo. Kisha ukaja uhaba wa dola wa mwaka 2023 na 2024, ambapo dola iliyokuwa karibu shilingi 2,300 mwanzoni mwa 2023 ilifika takribani 2,700 Oktoba 2024, na mtu aliyekuwa na dola zake ndani ya simu alionekana mjanja kuliko aliyepanga foleni benki akaambiwa arudi wiki ijayo. Nawaelewa kabisa.

Lakini kueleweka kwa sababu zao hakubadilishi kilichomo ndani ya programu, na humo ndimo ninamotaka tuchungulie.

Bitcoin, iliyoanza kufanya kazi Januari 2009, ilibuniwa ili mtu aweze kuishika bila benki. Hata sarafu yenyewe haimo ndani ya simu. Kilichomo ni ufunguo wa siri, ambao kwa kawaida huandikwa kama orodha ya maneno 12 au 24, na mwenye maneno hayo ndiye mwenye uwezo wa kuhamisha sarafu zilizoandikwa katika daftari la pamoja la mtandaoni. Simu ikizama ziwani, mwenye maneno yake aliyoyaandika kwenye karatasi huzirejesha sarafu kwa simu nyingine. Maneno yakipotea, hakuna dirisha la huduma kwa wateja litakalomsaidia. Ni utaratibu mgumu, ila una faida moja kubwa, kwamba kampuni iliyotengeneza programu ikifa leo, mwenye ufunguo hapotezi kitu.

Shilingi haina ufunguo wa namna hiyo. Shilingi ni noti au sarafu iliyotolewa na Benki Kuu, ama ni deni ambalo benki au kampuni ya fedha za simu inadaiwa na mteja wake, na hapana orodha ya maneno yoyote, yawe 12 au 24, itakayoitoa kwenye benki iliyofungwa. Basi programu inapoandika TSh mbele ya tarakimu, imeacha kuwa pochi unayoishika mwenyewe, na nyuma ya tarakimu hiyo patakuwa na kimojawapo cha vitu vitatu visivyofanana hata kidogo.

Cha kwanza hakihitaji maneno mengi. Mara nyingi hakuna shilingi wala dola. Kuna Bitcoin, na programu inaithaminisha kwa bei ya dakika ile. Bitcoin ilikaribia dola 69,000 Novemba 2021, na Novemba 2022 ilikuwa chini ya dola 16,000. Aliyesoma tarakimu ya mwaka wa kwanza akadhani ana akiba ya ada za watoto, alikuwa akisoma bei ya sokoni.

Cha pili ndicho kilichoenea zaidi hapa kwetu, nacho ni sarafu zilizofungwa kwenye thamani ya dola, hasa USDT inayotolewa na Tether na USDC inayotolewa na Circle. Hizi ni ahadi: mtoaji anadai kwamba kwa kila sarafu moja anayo akiba ya dola moja, sehemu kubwa ikiwa imewekwa katika hati fungani za muda mfupi za serikali ya Marekani. Kwa siku nyingi ahadi imesimama, na sitaki kuwatisha watu bila sababu. Hata hivyo Machi 2023, benki ya Marekani iitwayo Silicon Valley Bank ilipoanguka huku Circle ikiwa na dola bilioni 3.3 za akiba yake ndani ya benki hiyo, USDC ilishuka hadi karibu senti 87 kabla ya serikali ya Marekani kutangaza kwamba wenye amana wote watalipwa, nayo ikarudi mahali pake. Aliyelazimika kulipa mzigo mwishoni mwa wiki ile alilipa kwa dola pungufu. Vilevile Tether na Circle wanao uwezo wa kuzizuia sarafu zilizoko kwenye anwani fulani, na hufanya hivyo vyombo vya dola vinapowataka, kwa hiyo anayezinunua kwa imani kwamba hakuna mamlaka inayoweza kuzigusa anapaswa kufikiri upya.

Hapa pana jambo ambalo wateja wangu hawalijui mpaka niwachoree kwenye karatasi. Programu nyingi wanazotumia hazijawahi kupokea shilingi yao hata moja. Mtu anapotaka "kuweka fedha", hupewa namba ya simu ya muuzaji asiyemfahamu. Anamtumia shilingi kwa fedha za simu za kawaida, muuzaji anathibitisha kuzipokea, na programu, iliyokuwa imezishikilia USDT za muuzaji huyo kwa muda, inaziachia ziende kwa mnunuzi. Shilingi zimetoka laini moja zikaingia laini nyingine, na kampuni yenye programu haikuzigusa. Kinachoonekana kwenye kioo kama salio la shilingi ni USDT zilizopigwa mara kiwango cha siku. Anapotoa, safari inarudi kinyume, na hapo anapokea shilingi kutoka kwa mgeni mwingine ambaye huenda fedha zake zimetokana na laini ya mtu aliyetapeliwa. Polisi wakifuatilia muamala, laini itakayofungiwa ni ya mwisho kupokea, hata kama mwenyewe hajui lolote.

Tena makato yamejificha. Tuseme mtu anainunua dola kwa shilingi 2,520 na siku hiyo hiyo anaiuza kwa 2,450, tofauti ambayo wengi hawaioni kwa sababu programu inatangaza kwamba kutuma ni bure. Aliyeingiza shilingi milioni 1 atatoka na shilingi 972,222. Karibu shilingi 28,000 zimekwenda bila hata gunia moja la dagaa kuhama stoo. Katika vitabu vya hesabu hiyo ni gharama, nami huiandika hivyo, ingawa mwenye biashara hunitazama kana kwamba nimemwibia.

Na hata ahadi ya dola ikishikilia, dola si shilingi. Waliokimbilia humo Oktoba 2024 dola ikiwa karibu 2,700, kisha wakahitaji shilingi za kununulia mzigo Desemba, walikuta dola imeteremka hadi karibu 2,400. Mkopo wa benki, kodi ya fremu, mishahara ya vibarua, vyote vilikuwa vimebaki kwa shilingi. Hakuna aliyewaibia, walikuwa wamefanya biashara ya fedha za kigeni huku wakidhani wanaweka akiba.

Sasa nije kwenye kitu cha tatu, ambacho ndicho kilichonifanya niandike, yaani programu ambayo kweli inapokea fedha ya nchi na kuitunza. Hizi zinazidi kujitokeza, na wengi huziona ndizo salama kuliko zote kwa kuwa mteja hajanunua sarafu yoyote. Usalama wake, hata hivyo, hautokani na programu. Unatokana na mahali fedha zilipolazwa na kwa jina la nani, na mwaka 2022 dunia ilipata mifano miwili iliyotokea katika muda wa miezi michache, yote katika kampuni ambazo wateja wake waliona salio la dola kwenye simu zao.

Mfano wa kwanza ni Voyager Digital, iliyoomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Marekani Julai 2022. Wateja wake wenye dola hawakuwa na wasiwasi, kwa sababu kampuni ilikuwa imewaambia kwamba fedha zao zina bima ya serikali. Mwishoni mwa mwezi huo huo shirika la bima ya amana la Marekani, pamoja na benki kuu ya nchi hiyo, wakaiamuru kampuni iache kusema hivyo: bima ilihusu kuanguka kwa benki ambamo dola zimewekwa, haikuhusu kuanguka kwa Voyager. Maneno yale yalikuwa ya uongo, lakini fedha zenyewe zilikuwapo. Zilikuwa katika akaunti ya pamoja kwa manufaa ya wateja kwenye benki ya Metropolitan Commercial ya New York, zimetengwa na mali za kampuni, na Agosti mahakama iliruhusu dola milioni 270 hivi zirudishwe kwa wenyewe. Waliokuwa na sarafu za kripto ndani ya programu hiyo hiyo walibaki kwenye foleni ya wadai.

Mfano wa pili ni FTX, soko la mtandaoni la kununua na kuuza kripto, iliyoanguka Novemba 2022. Wateja wake nao waliingiza dola kwa njia ya benki na kuona salio la dola kwenye kioo. Dola hizo zilikuwa zimetumwa kwenye akaunti za kampuni dada, Alameda Research, ambayo ilizitumia kama zake, na tarakimu iliyoonekana kwenye simu ilikuwa maandishi ndani ya kompyuta ya FTX tu. Sam Bankman-Fried, aliyeianzisha, alikutwa na hatia Novemba 2023 na kuhukumiwa miaka 25 jela Machi 2024. Wateja walianza kulipwa mwaka 2025, baada ya mawakili na wafilisi kufanya kazi ya kukusanya mali kutoka kila pembe. Mteja wa Voyager na mteja wa FTX walikuwa wakitazama kitu kile kile. Kilichowatofautisha ni akaunti ya benki ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona.

Ni kama magunia ya dagaa yaliyowekwa stoo ya mtu: stakabadhi yenye jina lako na idadi ya magunia ni kitu kimoja, na neno la mwenye stoo kwamba magunia yako yamo humo ndani pamoja na yake ni kitu kingine, hata kama stoo ina kufuli zuri.

Nitataja kisa kingine kwa kifupi kwa sababu kinahusu masharti ambayo sote huyakubali kwa kubonyeza bila kuyasoma. Celsius, kampuni iliyopokea kripto za wateja kwa ahadi ya kuwazalishia faida, ilisimamisha wateja kutoa fedha Juni 2022 na kufilisika mwezi uliofuata. Januari 2023 jaji aliamua kwamba sarafu zilizokuwa katika akaunti zake za kuzalisha faida zilikuwa mali ya Celsius, kwa kuwa masharti yaliyokubaliwa na wateja yalihamisha umiliki. Masharti hayo yalikuwa ya Kiingereza na wateja wengi walikuwa wasemaji wa Kiingereza, bado hawakuyaelewa. Mvuvi wa Igombe anayepelekewa kurasa za namna hiyo ana nafasi gani?

Kinachonishangaza ni kwamba sisi Watanzania tulishalijibu swali hili kwa fedha za simu. Vodacom ilipoleta M-Pesa nchini mwaka 2008, wengi waliuliza fedha zinakaa wapi, na lilikuwa swali la haki. Jibu la kisheria lilikamilika kwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na Kanuni za Fedha za Kielektroniki za mwaka huo huo: kila shilingi iliyo kwenye laini ya mteja iwe na mwenzake katika akaunti maalumu ya udhamini benki, iliyotengwa na fedha za kampuni, na faida inayozaliwa humo iwanufaishe wateja. Kabla hata ya kanuni hizo, mwaka 2014, Tigo Pesa ilianza kuwagawia watumiaji wake faida ya akaunti hiyo. Mama lishe aliyepata gawio la shilingi mia chache hakutajirika, lakini alikuwa amepewa uthibitisho kwamba fedha yake ipo mahali na inazaa.

Linganisha na USDT. Tether ilitangaza faida ya zaidi ya dola bilioni 13 kwa mwaka 2024, sehemu kubwa ikitokana na riba ya akiba inayowakilisha dola za watu. Mwenye kuishika USDT, awe New York au Nansio, hakupata hata senti. Sisemi ni haramu. Nasema mfanyabiashara wa Mwaloni ajue kwamba anaikopesha kampuni ya nje bila riba.

Hata benki nazo huanguka, na watu wa ukanda huu hawahitaji kuambiwa. Januari 2018 Benki Kuu ilizifungia benki tano, mojawapo ikiwa Benki ya Wakulima ya Kagera. Bodi ya Bima ya Amana iliwalipa wateja hadi shilingi 1,500,000 kila mmoja, kikomo cha wakati ule, na waliokuwa na zaidi wakaachiwa hatima ya ufilisi. Kiasi hicho kilikuwa kidogo na kiliwaumiza wengi, ila kilikuwa kimeandikwa katika sheria kabla ya siku ya maafa na kila mtu angeweza kukijua. Salio la shilingi ndani ya pochi ya kripto halina kikomo kidogo wala kikubwa kilichoandikwa popote.

Upande wa serikali, mambo yamekwenda kwa hatua zisizolingana. Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo la kuwatahadharisha wananchi kwamba sarafu hizi hazitambuliki kama fedha halali nchini na kwamba matumizi yake yanakiuka kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021, hapa hapa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua jengo la tawi la Benki Kuu, aliitaka benki hiyo ijiandae kwa mabadiliko yanayoletwa na sarafu za mtandaoni. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo yanayotokana na uhamishaji au ubadilishaji wa mali za kidijitali, kodi inayokatwa kwenye malipo yenyewe pasipo kujali kama mtu amepata faida au hasara. Mwaka 2025 zikaja kanuni zinazokataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani, na kwa maoni yangu mwenye nyumba anayepokea kodi ya pango kwa salio la dola la programu asidhani kwamba jina la kripto limemtoa kwenye kanuni hizo. Tazama mfululizo huo: tahadhari, agizo la kujiandaa, kodi, katazo. Mwenye salio ameonywa, ametozwa na amekatazwa, na katika hayo yote hakupewa haki yoyote ya kumdai aliyemshikia shilingi zake. Wenzetu wa Kenya mwaka 2025 walitunga sheria ya watoa huduma za mali hizi na kuwagawia usimamizi Benki Kuu yao na mamlaka ya masoko ya mitaji. Kwa kuwa wanunuzi wa Kenya ndio hao tunaokutana nao Mwaloni, programu zenye leseni ya kule zitavuka mpaka pamoja nao, na mtu wetu ataambiwa zina kibali bila kuelezwa kwamba kibali ni cha nchi nyingine.

Wapo watakaosema serikali yenyewe ianzishe pochi ya namna hiyo. El Salvador ilijaribu Septemba 2021 kwa pochi ya Chivo, iliyobeba dola na Bitcoin pamoja, ikampa kila aliyejisajili Bitcoin ya thamani ya dola 30. Watu walijisajili kwa wingi, baadhi yao kwa vitambulisho vya wengine, na wengi waliitumia zawadi kisha wakaiacha programu. Mwaka 2025, kufuatia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, serikali ile ilianza kujiondoa. Sioni sababu ya kulipia funzo hilo mara ya pili.

Ninachokiomba ni kidogo na hakihitaji sheria mpya ndefu. Benki Kuu itangaze kwamba kupokea shilingi za umma na kuwaonyesha wenyewe salio lake ni kutoa fedha za kielektroniki, haijalishi kama programu hiyo inauza pia Bitcoin pembeni, na kwa hiyo masharti ya mwaka 2015 yanahusika. Pale kwenye kioo, chini ya tarakimu na kwa Kiswahili, paandikwe kama salio ni shilingi iliyoko benki, na benki gani. Au ni sarafu ya dola ya kampuni gani. Au ni bei ya Bitcoin ya wakati huo. Viwango vya kununua na kuuza vionekane pamoja kabla ya mteja kuthibitisha. Na orodha ya walioruhusiwa ibandikwe mahali watu wanapofika, si kwenye tovuti peke yake: kwenye mialo, kwa mawakala, na kwenye ofisi za kata za Ilemela na Nyamagana.

Wakati tukisubiri, wateja wangu nimewapa kipimo ambacho yeyote anaweza kukitumia. Weka shilingi laki moja usinunue chochote, uziache siku chache. Tarakimu ikipanda au kushuka yenyewe, hukuwa na shilingi. Ikibaki ilivyo, waandikie wenye programu uwaulize jina la benki na jina la akaunti ya udhamini; wakikujibu kwa maneno ya jumla kuhusu usalama wa hali ya juu, zitoe siku hiyo hiyo. Katika vitabu vyangu mimi huziandika fedha hizi kama deni ambalo kampuni ya nje inadaiwa na mteja wangu, kamwe siziweki chini ya fedha taslimu, na benki ikija kukagua hesabu kwa ajili ya mkopo inazikuta pale.

Mwisho nina ombi kwako wewe mwenyewe, Ndugu Mhariri. Matangazo ya programu hizi yameanza kuonekana magazetini na kusikika redioni, na msomaji wa Mwanza huamini kwamba kilichochapishwa kimepitiwa na mtu. Kabla ya kupokea tangazo linaloahidi kutunza shilingi, mtake mtangazaji alete barua ya benki inayothibitisha akaunti ya udhamini, na jina la benki hiyo lichapishwe ndani ya tangazo kwa herufi za ukubwa ule ule wa jina la programu.

Wako,

Mtunza hesabu na msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza